Kikohozi cha Paroko

1

Mke wangu alisimama katikati ya jiko, mwiko mkononi, akafumba macho, akavuta pumzi, kisha akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu mzima.

"Kroo, kroo, kroo... piiiii... puh!"

"Rudia," nikamwambia.

"Sirudii! Mama kaniigizia kwenye simu mpaka majirani zake wamemsikia, na mimi nimekuigizia wewe. Fundi humu ndani ni nani?"

Fundi ni mimi, Otmari Mligo, na kazi yangu ni kusikiliza. Siku hizi magari yanajipima yenyewe, kioo kinaandika "Mfumo uko sawa," na mwenye gari anabaki roho juu kwa sababu masikio yake yanamwambia vingine. Watu wa aina hiyo ndio wateja wangu. Akifika mtu gerejini namwambia kwanza aniigizie. Nimeshawaona wakuu wa shule na madiwani wakivimbisha mashavu mbele ya boneti, wakilia kama mbuzi, na wala siwacheki, maana mdomo wa mteja haujawahi kunidanganya.

Lakini mama mkwe wangu aniigizie mimi? Thubutu! Kwetu mkwe ni mkwe. Sili mbele yake, sinywi mbele yake, kiti anachokalia yeye mimi sikikalii hata kama miguu inakatika. Nikienda kwake natengewa chakula sebuleni peke yangu kama mgonjwa wa surua. Na yeye, mama mzima, sauti ya pili ya kwaya, asimame mbele yangu akorome? Ndiyo maana ugonjwa wa gari lake ulinifikia kwa kupitia koo la binti yake.

"Inalia saa ngapi?"

"Alfajiri tu, kukiwa na baridi. Ile mara ya kwanza ya kuwasha. Ikishapata moto inanyamaza kutwa nzima."

"Na baada ya kulia, inawaka?"

"Inawaka, ndiyo. Anapeleka maziwa, anarudi."

Niliweka kikombe chini. Lihungwa, kule juu kwa mama, mwezi wa sita umande unaganda mweupe kwenye majani mpaka ng'ombe wanakataa kula. Magari yetu yanapata umeme kutoka kwa chachu hai iliyo tangini, na hakuna gari la chachu linalowaka kule kabla jua halijapiga boneti. Watu wamezoea. Mgonjwa anasubiri jua, maiti anasubiri jua. Sasa la mama linawaka gizani?

"Otmari," mke wangu akasema, akaacha kukoroga. "Usilitengeneze sana."

Nilijua anakotaka kufika. Tangu baba mkwe afariki, Gaudensia anamsihi mama yake ahamie kwetu mjini. Mama alikataa, wakavutana, mwisho mama akatoa neno lake: siku Paroko akishindwa kuamka, nitafunga nyumba nitakuja. Paroko ni hilo gari. Alilipa jina hilo kwa sababu ni jeupe, limenenepa, na halina haraka. Na mama mkwe wangu akishatoa neno, hata radi haimrudishi nyuma.

"Unataka nimdanganye mama yako?"

"Nataka umwambie ukweli pole pole," alisema Gaudensia.

2

Nilifika Lihungwa mchana, nikalala kwenye kile chumba cha nje, na alfajiri nikawa nimeshasimama uani, mikono kwapani, natetemeka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Wini. Umelalaje?"

"Salama, Mama."

Tulisalimiana hivyo, mimi naangalia gurudumu, yeye anaangalia banda la kuku. Alikuwa amejifunga vitenge viwili na sweta la marehemu, ndoo za maziwa ya majirani zimeshapangwa nyuma ya gari. Nikafungua boneti. Nikachomoa bisibisi yangu ndefu, nikaweka ncha yake kwenye bomba linalotoka tangini na mpini wake sikioni. Babu yangu alisikiliza injini za dizeli kwa bisibisi hiyo hiyo, na mpaka leo sijaona chombo cha kuishinda.

"Niko tayari, Mama."

Mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Kwa heshima niligeuza uso. Zikapita nukta chache za ukimya, kisha ndani ya bisibisi nikasikia kitu kinajigeuza, kama mtu aliyelala anatafuta upande mzuri wa kitanda.

Kroo. Kroo. Kroo. Piiiii. Puh!

Gari likawaka, laini kabisa.

Mke wangu alikuwa ameigiza vizuri mno, nilimwonea fahari. Lakini kichwa kilikuwa kinanizunguka. Chachu ninayoijua mimi inakaa kwenye tangi chini ya kiti cha dereva, inakula uji wa sukari kutoka kiwandani, na inatoa umeme. Imetengenezwa na watu wa bondeni, kwa joto la bondeni. Ikipata baridi inasinzia, na hakuna kelele itakayoiamsha. Kila baada ya miaka michache unaweka mbegu mpya iliyofungwa kwa muhuri, unamwaga ya zamani, basi.

Nikajipa jibu la haraka: uji umeganda, pampu inavuta hewa badala ya uji, hewa inakoroma kwenye bomba. Jibu zuri, la kitabu. Nilizunguka upande wa abiria ili niangalie bomba, nikaingiza kichwa ndani, na harufu ikanipiga usoni.

Ulanzi.

Si harufu ya jana, wala ya kumwagika. Ulanzi wa leo, pombe ya mwanzi iliyo kali, umemiminwa sasa hivi. Nikatoa kichwa haraka kama niliyechungulia bafuni. Mungu wangu! Mama mkwe wangu, mwana Moyo Mtakatifu, kabla ya jua, kabla ya kushika usukani, na maziwa ya watu nyuma!

Sasa wewe ungemwambiaje? Mimi nisiyeweza hata kunywa maji mbele yake, nimuulize habari za pombe? Nilifunga mlango taratibu. Mdomo wa kulishia chachu uko chini ya kiti cha dereva, na fundi yeyote angekaa pale, angeinama na kuangalia. Mimi sikukaa, wala sikuinama. Nilibadilisha pampu kwa kupitia chini, nimelala kwenye umande, nikamuaga mama nikiangalia kuku.

"Amepona?" aliuliza.

"Pampu ilikuwa imechoka, Mama."

"Aa," akasema, na kwa namna alivyosema niliona hajaniamini.

3

Juma lile lile Gaudensia alinipigia simu gerejini, na badala ya salamu akakoroma.

Jioni ilibidi niseme. Nilizunguka sana, nikaanza na baridi, nikaenda kwenye upweke, nikasema wajane wengi hujipasha joto wanavyojua. Gaudensia alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Unasema mama yangu mlevi?"

"Sijasema mlevi. Nimesema harufu."

"Mama yangu ulanzi unampa kiungulia tangu mimba yangu! Funga mkoba wako. Tunakwenda wote."

Tukaenda. Alfajiri nikachomoa waya wa pampu kabisa, ili nimalize ubishi. Pampu isiyo na umeme haivuti kitu. Nikaweka bisibisi, nikageuza uso, mama akaingia garini.

Kroo. Kroo. Kroo.

Pampu imekufa na koo linakoroma! Kisha nikagundua jambo jingine, nywele zikanisimama. Funguo zilikuwa mkononi mwa mke wangu. Mama alikuwa hajawasha chochote. Paroko alikuwa anakohoa mwenyewe.

"Mama," Gaudensia aliita, akaenda moja kwa moja dirishani. Yeye ni binti yake, hana la kuogopa. "Mume wangu anasema gari linanuka ulanzi. Unakunywa?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kutoka kwa mama nikasikia kicheko chembamba.

"Nani anakunywa? Anayekunywa ni huyu."

Akainama, akatoa chini ya kiti mbeta, ile pingili ya mwanzi tunayokingia ulanzi, na kikombe cha bati cha bluu. Akatuonyesha mdomo wa kulishia uliokuwa bado umelowa.

"Mwaka jana baridi ilinikuta na maziwa ya watu wote wa mteremko huu," alieleza, akimwambia Gaudensia ili mimi nisikie. "Paroko haamki. Nimemgusa, wa baridi kama jiwe. Nikajiuliza, mgeni akifika hapa alfajiri anatetemeka, nitampa uji uliopoa? Nikampa kikombe kimoja. Siku hiyo hakuamka. Kesho yake nikampa tena. Sikumwacha. Siku moja akakohoa, kroo kroo, akaamka. Tangu hapo hajawahi kunitupa. Nikimpa anakohoa kwanza, kama anasema ahsante."

"Sasa mama, kama unampa mwenyewe, si ungesema?"

"Nilisema analia. Sikuulizwa anakula nini. Na sauti yake mwezi huu imekuwa nzito, nikaogopa anaumwa."

Wote wawili waligeuka wakaniangalia. Mimi niliyesikia harufu, nikafunga mlango, nikabadilisha pampu nzima! Nilicheka nikiwa nimeinamia boneti, huku naona haya, na kusema kweli nilimpenda mama huyu kuliko nilivyowahi kumpenda.

Kisha nikachota tone kwenye tangi, nikaliweka chini ya hadubini ndogo ya mkobani, na kicheko kikaisha.

4

Chachu ya kiwandani ni ya duara. Ya ulanzi ni ndefu ndefu. Kwenye tone la Paroko sikuona ya duara hata moja. Niliona kitu cha tatu, kirefu chenye kiuno, kinachezacheza kwenye baridi ile kana kwamba ni saa sita mchana. Hicho ndicho kilichokuwa kinatoa mapovu, mapovu yanajikoroga yenyewe, yanajipasha joto kabla ya kazi. Ile kroo ilikuwa ya mapovu. Piii ni hewa inatoka kwenye pua ya tangi, na puh ni vali kufunguka. Uzito wa sauti mwezi huu ulikuwa na maana moja: wameongezeka.

"Zimeoana," nikamwambia mke wangu. "Ya bondeni na ya mwanzi."

"Zimeoana?" mama akauliza kutoka garini. "Nani kawafungisha?"

Hata Gaudensia hakucheka, maana yeye anaijua sheria kama mimi. Chotara inachemshwa. Kila fundi wa chachu anakula kiapo hicho kabla ya kupewa muhuri, na kiapo hakikutoka hewani. Watu wazima wote wanaukumbuka mwaka ule bondeni, chotara ilipotoka kwenye magari ikaingia kwenye vyungu. Togwa, mtindi, unga wa mikate, kila kilichochachuka kiligeuka, na watoto wakalazwa mstari mzima na matumbo yao.

Nilizunguka gari nikaangalia pua ya tangi. Kichujio kinachoizuia chachu isitoke nje kilikuwa bado kizima, bahati yetu, lakini kwa ndani kimeshaanza kulowa. Na kuanzia pale uani mpaka bondeni ni mianzi mitupu, ya mama, kisha ya jirani yake Kastori mwenye mizinga, kisha ya watu wengine. Mwisho wa msimu ule mianzi ilikuwa bado inadondosha, na nyuki wanazunguka kila mbeta.

Nasema wazi, nilitaka kunyamaza. Gari linaloamka kwenye barafu! Nilifikiria wagonjwa wanaosubiri jua. Nilifikiria uso wa mama anapoondoka na ndoo zake. Nilijiambia labda hii si kama ile ya bondeni, labda hii ni mpole, imelelewa na mama.

"Tuijaribu kwanza," nikasema.

Nilichukua mbeta mbili za ulanzi mtamu wa siku ile. Moja nikaiacha ilivyo. Ya pili nikaitia tone la Paroko. Nikazifunga midomo kwa kitambaa, nikazitundika mbali na mianzi, kwenye banda la kuni.

Mchana wa siku ya pili tulikwenda wote watatu. Ya kwanza ilikuwa ulanzi kama ulanzi, unatoa povu na kunukia. Ya pili ilikuwa imepasuka kidogo ubavuni. Ndani maji yalikuwa meupe kabisa kama ya bomba, yananuka rangi ya kucha. Kitambaa kilikuwa kimelowa, na juu yake nyuki wamelala, miguu juu, waliokuja kunyonya.

Mama aliokota nyuki mmoja akamweka kiganjani. 

"Hawa wa Kastori," alisema.

5

Gaudensia alikwenda kuandaa chai, tukabaki mimi na mama uani, kila mtu ameelekea kwake. Haikuwahi kutokea. Nilitafuta kuku wa kumwangalia, sikumpata.

"Baba Wini."

"Naam, Mama."

"Kama nisingekuwa mkweo, ningekuwa mteja tu kaja gerejini, ungeniambia nini?"

Nilijua nikisema, Paroko anakufa, na neno la mama linatimia, na nyumba hii inafungwa. Nilijua pia nikinyamaza hatanilaumu, atanipa heshima zangu zote na chakula changu sebuleni, na kichujio kitaendelea kulowa.

"Ningekwambia tuchemshe leo, Mama. Kabla hatujaondoka hapa."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyekuwa anajua na alitaka tu asijue peke yake.

"Basi maji yawekwe," akasema.

Tulichemsha maji kwenye masufuria yote ya kwaya, yanayotunzwa kwa mama. Mama hakukubali nifanye peke yangu. Kabla sijafungua tangi, alichota kikombe kimoja cha ulanzi kutoka kwenye ile mbeta nzima, akainama chini ya kiti.

"Mama, ya nini sasa?" Gaudensia akauliza.

"Mgeni anayeondoka haondoki na kiu."

Akamimina. Tukasubiri. Kroo, kroo, kroo, piii, puh. Mama alifunika mdomo kwa upindo wa kitenge. Mimi ni mtu wa vyuma, sikutegemea kulia kwa ajili ya tangi, lakini nililia, na sikujificha vizuri. Kisha tukamimina maji ya moto, sufuria baada ya sufuria, mpaka mvuke ukaacha kunuka.

Ile mbeta iliyopasuka, na kitambaa, na nyuki, tulivichoma. Kijiko kimoja tu cha chotara nilikifunga kwenye chupa ya kioo, nikaziba kwa nta, nikaipeleka mwenyewe kwa wakaguzi wa chachu. Nikawaambia hii inaua nyuki, lakini pia inaamka kwenye barafu, itazameni vizuri kabla hamjaitupa. Walinipa onyo kwa kuchelewa, wakaipokea. Hadi leo sijui wameifanyia nini.

6

Mama alianza kufunga vitu. Chachu mpya ya kiwandani ilikuwa imeshawekwa, na kama tulivyojua, alfajiri ya kwanza Paroko alilala kama gogo mpaka jua lilipofika. Maziwa yakachelewa. Mama hakulalamika. Neno lake ni neno lake.

Gaudensia alipaswa kufurahi. Alikwenda kumsaidia, akamkuta anavizungushia vikombe magazeti, kimoja kimoja, hata kile cha bati cha bluu ambacho hakivunjiki. Alirudi kwangu nyuma ya jiko, akaegemea ukuta.

"Akija mjini atakaa tu kwenye kochi akisubiri tumwulize amelalaje," alisema. "Nilikuwa nataka mama. Sitaki mgeni."

Nami nilikuwa nimeegemea ukuta ule ule, na mgongo wangu ulikuwa umepata joto. Nikageuka nikaweka kiganja. Nikaweka na cha pili.

"Gau. Upande wa pili wa ukuta huu kuna nini?"

"Mafiga ya mama. Si unajua hayazimwi, anafukia moto usiku kucha."

"Na tangi la Paroko liko urefu gani kutoka chini?"

Aliniangalia, akaangalia ukuta, akaangalia mikono yangu. Kisha mwanamke yule aliyeniambia nisilitengeneze sana akakunja mikono ya gauni na kwenda kutafuta sururu.

Tulitoboa ukuta wa jiko kwa chini, tukaweka bati zito kati ya majivu na nje, tukajenga kwa tofali banda la kulala gari, ubavu wake umekaa kwenye bati lile. Sheria inakataza kuigusa chachu. Haisemi gari lisilale karibu na jiko. Kastori alileta tofali na asali, bila kuuliza sana, na mama alitupikia huku anatugombeza kwamba tumemjazia vumbi kwenye mboga. Hakufungua vile vikombe. Alisema atangoja aone.

Alfajiri ilipofika, baridi ilikuwa ya kuuma meno. Mama aliingia garini, mimi nikasimama karibu na dirisha lake, nimegeuza uso kama kawaida. Nikasikia mkono wake ukienda chini ya kiti, kwa mazoea, na kusimama njiani. Kisha akazungusha funguo.

Paroko akawaka papo hapo. Hakuna mkwaruzo. Kioo kikaandika "Mfumo uko sawa."

Gaudensia alipiga kigelegele mpaka kuku wakaruka. Mimi nilisubiri kusikia mama akifurahi, sikusikia kitu. Nikafanya jambo ambalo silifanyi, nikamtazama. Alikuwa amekaa, mikono juu ya usukani, anaangalia mbele.

"Ameamka," alisema taratibu. "Ila hanijui. Hakunisalimia."

Nyumba ilikuwa imepona na maziwa yatafika. Sikuwa na kazi nyingine ya kufanya pale. Lakini nilikuwa nimeisikiliza sauti ile kwa bisibisi kuliko mtu yeyote duniani, nilijua kila povu lake. Nikavuta pumzi. Nikavimbisha mashavu mbele ya mama mkwe wangu, mimi baba wa watoto.

"Kroo. Kroo. Kroo. Piiiiiii... puh!"

Mama aligeuka, macho yamemtoka. Kwa kitambo nilidhani nimeharibu miaka yote ya heshima kwa pumzi moja. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikamlegea, akaupiga usukani, honi ikalia, akacheka zaidi, akafuta machozi kwa mkono wa sweta la marehemu.

"Tena," alisema.

Nikarudia, na safari hii piii niliivuta ndefu.

Bado anacheka, alimwita Gaudensia amletee furushi moja la gazeti kutoka kwenye sanduku. Akalifungua, akatoa kile kikombe cha bluu, akamimina chai ya moto kutoka kwenye chupa yake ya safari. Hakumpa binti yake anipelekee. Alinyoosha mkono mwenyewe kupitia dirishani, akanitazama usoni.

"Shika, Paroko," alisema. "Kunywa, kuna baridi."

Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa pale pale mbele yake.